Kuni, Mpaka na Fomu ya Polisi: Zaidi ya Miaka Thelathini ya Kuwalinda Wanawake wa Dadaab

Kila ukame unapoingia Pembe ya Afrika, taarifa za serikali na za mashirika ya misaada hurudia mpangilio uleule: mvua zimekosekana, mifugo imekufa, watu wamehama, na ukatili wa kijinsia umeongezeka. Mambo haya manne huwekwa katika sentensi moja, kana kwamba la nne nalo limeshuka kutoka mawinguni pamoja na la kwanza. Msomaji husikitika, akafunga taarifa, akasubiri mvua.

Lakini ukame hauna mikono. Kati ya mvua iliyokosekana na mwanamke aliyeshambuliwa pana mlolongo wa maamuzi ya wanadamu: nani alifunga mpaka, nani aligawa nafaka bila kufikiria moto wa kuipikia, nani aliacha makazi yaliyokamilika yakae matupu, nani alikubali malipo ili kesi isifike mahakamani. Maamuzi hayo yana tarehe na yana ofisi. Kwa hiyo yanaweza kuandikiwa historia, na yanaweza kubadilishwa. Makala haya yanafuatilia maamuzi hayo mahali pamoja, Dadaab, katika Kaunti ya Garissa nchini Kenya. Ni mahali ambapo vita, ukame na ukatili dhidi ya wanawake vimekutana mara nyingi, na ambapo takriban kila njia ya kuwasaidia waathirika imewahi kujaribiwa.

Mwaka 1991 na ardhi iliyowapokea

Serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu mnamo Januari 1991. Vita vilivyofuata viliharibu zaidi eneo la kati ya mito ya Juba na Shabelle, ambalo ndilo ghala la nafaka la Somalia. Mashamba yaliporwa, akiba ikachukuliwa na wenye bunduki, na ukame wa 1991 na 1992 ulipofika ulikuta maghala matupu. Njaa ya mwaka 1992 ilitokana na mvua na bunduki kwa pamoja. Kufikia mwisho wa mwaka huo Kenya ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 400,000, wengi wao kutoka Somalia. Karibu na mji mdogo wa Dadaab zilifunguliwa kambi tatu, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizokusudiwa kuhifadhi watu 90,000.

Ardhi iliyowapokea ilikuwa na historia yake. Tangu vita vya Shifta vya miaka ya 1960, Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Kwa karibu miongo mitatu, askari aliyepelekwa huko alifunzwa kumtazama Msomali kama mtuhumiwa, awe raia wa Kenya au mgeni. Katika mauaji ya Wagalla, mwaka 1984, ni vyombo vya usalama vyenyewe vilivyowaua raia. Jambo hili lina uzito katika habari yetu. Mwanamke aliyeshambuliwa Ifo mwaka 1992 alitakiwa kupiga ripoti katika kituo cha polisi ambacho hata jamii ya wenyeji waliomzunguka ilikiogopa.

Mwaka 1993 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilimpa kazi mtafiti wa Kisomali, Fowzia Musse, ya kuchunguza kilichokuwa kikiwapata wanawake kambini. Katika miezi saba tu ya mwaka huo ziliandikwa kesi 192 za ubakaji, na wahusika wenyewe walijua kwamba zilizoandikwa ni sehemu ndogo ya zilizotokea. Wengi wa washambuliaji walikuwa majambazi wenye silaha walioingia kambini usiku au kuwavizia wanawake porini. Katika baadhi ya kesi waliotajwa walikuwa askari. Oktoba 1993 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya hali hiyo. Jibu la kwanza la serikali ya Kenya lilikuwa kukana na kudai kwamba wanawake hao walikuwa wakitafuta huruma.

Hata hivyo ripoti hizo zilizaa kitendo. UNHCR ilianzisha mradi maalumu wa wanawake waathirika wa ukatili: matibabu, ushauri nasaha, mafunzo kwa polisi, na uzio wa miiba kuzunguka kambi. Huu uzio unastahili kutazamwa vizuri. Haukuwa teknolojia ya kigeni. Ulikuwa boma la mfugaji, lile ambalo jamii za eneo hilo hulijenga kila jioni ili fisi asiingie zizini, isipokuwa sasa lilizungushiwa watu. Mwaka uliofuata idadi ya kesi zilizoripotiwa ilipungua kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa ilidhihirika kwamba ukatili huu si majaaliwa: mahali palipozibwa, ulipungua.

Moto ambao haukuwa katika mgao

Uzio ulizuia anayeingia, lakini haukumsaidia anayelazimika kutoka, naye alitoka kwa sababu ya kuni.

Mgao wa chakula kambini ulikuwa nafaka, kunde na mafuta. Nafaka na kunde kavu haziliwi bila moto, na maharage huchukua saa nyingi jikoni. Waliopanga mgao walihesabu gramu za unga na za maharage kwa kila mtu kwa siku, na kwa muda mrefu hawakuhesabu kuni za kuvipikia. Pengo hilo lilizibwa na miguu ya wanawake na wasichana. Katika nchi kame yenye miti michache, kila mwezi uliopita uliisogeza miti mbali zaidi na kambi, na ukame uliufupisha umri wa miti iliyobaki. Safari ya kilomita chache ikawa ya kutwa nzima, kupitia vichaka ambavyo washambuliaji walivijua vyema.

Hali hii haikuwa ya Dadaab peke yake. Katika kambi za wakimbizi wa Burundi mkoani Kigoma, Tanzania, wanawake walikumbwa na mashambulizi ya namna hiyo walipotoka kutafuta kuni, na mwaka 2000 Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu ukatili wa kingono na wa majumbani katika kambi hizo. Ilikuwa nchi nyingine na vita vingine, lakini mpangilio ulikuwa uleule: chakula kimetolewa, moto umeachiwa mwanamke autafute.

Mwaka 1998 ulianza Dadaab mradi wa kugawa kuni, kwa fedha za serikali ya Marekani. Kuni zilikusanywa kwa utaratibu na kugawiwa kila kaya, ili wanawake wapunguze safari za porini. Tathmini iliyofanywa mwaka 2001 ni mojawapo ya nyaraka zenye mafunzo makubwa katika historia nzima ya kambi hizi. Kuni zilizogawiwa zilitosha takriban theluthi moja tu ya mahitaji ya kaya. Katika vipindi ambavyo kaya zote zilipata mgao, ubakaji uliotokea wakati wa kutafuta kuni ulipungua kwa asilimia 45. Lakini katika vipindi hivyohivyo, ubakaji uliotokea katika mazingira mengine uliongezeka kwa kati ya asilimia 78 na 113.

Takwimu hizi zimewahi kutumiwa na watu wa aina mbili kwa makosa mawili. Wa kwanza hutaja ile asilimia 45 na kunyamaza, ili mradi uonekane umefaulu. Wa pili hutaja ongezeko na kuhitimisha kwamba misaada haina maana, hivyo tusijisumbue. Zikisomwa pamoja, takwimu hizi husema jambo gumu zaidi. Kuni ziliondoa fursa moja ya mshambuliaji, hazikuondoa mshambuliaji. Mtu aliyejua kwamba hatakamatwa, na akikamatwa hatashtakiwa, na akishtakiwa hatafungwa, alihamia mahali pengine. Huduma bila haki huhamisha hatari. Vilevile, haki bila huduma ingemwacha mwanamke aendelee kwenda porini huku akisubiri hukumu.

Sheria, fomu na baraza la wazee

Ni haki gani basi iliyokuwapo? Hadi mwaka 2006, ubakaji nchini Kenya uliadhibiwa chini ya sura ya Kanuni ya Adhabu iliyohusu makosa dhidi ya maadili, urithi wa sheria ya kikoloni. Mpangilio wa sura pekee unatufundisha jinsi dola ilivyofikiri: kilichojeruhiwa kilikuwa maadili ya umma, mwili wa mwanamke ukiwa mahali tu ambapo maadili hayo yalivunjwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyowasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u, ilibadilisha msingi huo. Hata hivyo ilipita ikiwa imechomekwa kifungu cha 38, kilichomtisha mlalamikaji kwamba dai lake likionekana la uongo atapewa adhabu ileile ambayo angepewa mshtakiwa. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012. Kwa miaka sita, mwanamke yeyote aliyetaka kushtaki aliingia kituoni akiwa na kifungu hicho juu ya kichwa chake.

Kwa mkimbizi, njia ilikuwa na mawe zaidi. Alihitaji fomu ya P3 kutoka polisi, ijazwe na daktari. Alihitaji kufika hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zimsaidie. Alihitaji mkalimani ambaye si wa ukoo wa mshambuliaji. Mahakama ilikuwa Garissa, yapata kilomita 100, na kwa sera ya kuwaweka wakimbizi kambini hakuruhusiwa kusafiri bila kibali. Ndiyo maana hatua ya kumpeleka hakimu Dadaab kwa mahakama ya kuzunguka, pamoja na mawakili wa FIDA Kenya kuwasaidia walalamikaji na kutoa mafunzo kwa polisi, ilikuwa kubwa kuliko inavyosikika. Sheria ilipanda gari ikamfuata aliyeihitaji.

Kando ya njia hiyo ndefu palikuwa na njia fupi: maslaha. Wazee wa koo mbili hukaa, hukubaliana fidia, na shauri humalizwa. Nisingependa tuidharau desturi hii kwa wepesi. Katika nchi ambamo dola haikufika, au ilifika ikiwa na bunduki tu, mabaraza ya wazee ndiyo yaliyozuia damu isilipwe kwa damu. Lakini neno lenyewe ni ndugu wa neno letu maslahi, na hatuna budi kuuliza: maslahi ya nani? Fidia hulipwa kwa familia au kwa ukoo. Mwanamke aghalabu hakai barazani, haulizwi anataka nini, na mara nyingine hurudi kuishi kibanda cha tatu kutoka kwa yule aliyemdhulumu.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wakumbuke kwamba sheria ya 2006, katika kifungu cha 40, ilitamka kwamba uamuzi wa kusitisha upelelezi au mashtaka ya kosa la kingono haumo mikononi mwa afisa wa kituo. Ulikabidhiwa Mwanasheria Mkuu. Kwa hiyo polisi anayefunga jalada kwa sababu wazee wameelewana hatendi busara ya kienyeji. Anafanya jambo ambalo sheria haikumpa mamlaka ya kulifanya.

Mpaka uliofungwa na nyumba zilizokaa tupu

Mapema Januari 2007, wakati majeshi ya Ethiopia yalipokuwa yakiwafukuza viongozi wa Mahakama za Kiislamu kutoka kusini mwa Somalia, Kenya ilifunga mpaka wake na Somalia. Pamoja na mpaka kilifungwa kituo cha kupokelea wakimbizi cha Liboi. Hapo awali anayevuka aliandikishwa Liboi, akapimwa afya, kisha akapandishwa basi hadi Dadaab, karibu kilomita 80. Baada ya Januari 2007 watu waliendelea kuvuka, kwa kuwa hofu haisomi matangazo ya serikali. Tofauti ni kwamba sasa walivuka kwa njia za panya, bila basi, bila karatasi, huku wakikwepa askari na majambazi kwa pamoja. Uamuzi uliofanywa kwa jina la usalama ulifanya barabara ile kuwa hatari zaidi kwa wasio na silaha.

Hapo ndipo ukame wa 2010 na 2011 ulipowakuta. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za Bakool na Shabelle ya Chini. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 260,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Katika kilele cha dhiki hiyo watu zaidi ya 1,000 walifika Dadaab kila siku. Wengi walikuwa wanawake na watoto wao, waume wakiwa wamefariki, au wamebaki na mifugo michache iliyosalia. Wanawake walisimulia mashambulizi ya njiani, katika ile mikondo ya vichaka kati ya Dhobley na kambi. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2011, kesi za ukatili wa kijinsia zilizoripotiwa Dadaab ziliongezeka zaidi ya mara nne zikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia.

Waliofika hawakuwa na mahali. Kambi zilizojengewa watu 90,000 zilikuwa zimepita 400,000. Wageni walijenga vibanda vya fito na matambara nje ya mipaka ya kambi, nje ya uzio, mbali na maji, bila vyoo. Mwanamke aliyetaka kujisitiri alisubiri giza, na giza lilikuwa na watu wake.

Wakati huohuo, mahali paitwapo Ifo 2 palikuwa na makazi yaliyokwisha kujengwa, yenye vyoo na mabomba ya maji, yakiwa matupu. Serikali ilisita kuyafungua ikihofia kwamba kuyafungua kungewavuta wengine na kuifanya kambi iwe ya kudumu. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kenya ilikuwa imebeba mzigo kwa miaka 20 huku mataifa tajiri yakitoa ahadi. Lakini gharama ya kusita huko haikulipwa na waliosita. Ni baada ya ziara ya Waziri Mkuu Raila Odinga, Julai 2011, ndipo ilipotangazwa kwamba Ifo 2 ingefunguliwa. Miezi ile ya kungoja haimo katika orodha yoyote ya visababishi vya ukatili wa kijinsia, nami nadhani inastahili kuwamo.

Nafuu haikudumu. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa shirika la madaktari la MSF walitekwa nyara Dadaab, Kenya ikatuma jeshi Somalia, na uandikishaji wa wakimbizi wapya ukasimama. Huduma zikapunguzwa hadi zile za kuokoa maisha. Ushauri nasaha na ufuatiliaji wa kesi za ubakaji, kama kawaida, havikuhesabiwa miongoni mwa vinavyookoa maisha.

Mgeni asiyepewa jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dadaab mgeni alikaa miaka 30 bila jembe. Hakuruhusiwa kutoka kambini kutafuta kazi, wala kumiliki ardhi ya kulima. Mwaka 2016 serikali iliwaondolea Wasomali haki ya kutambuliwa kwa pamoja kuwa wakimbizi, na Mei mwaka huo ikatangaza kuifunga Dadaab. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alibatilisha uamuzi huo kwa kuwa ulikiuka katiba. Kisha Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwaka 2025, zikaahidi kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule, hospitali na masoko kwa pamoja.

Ahadi hiyo imekuja wakati mgumu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindikana mfululizo, na mwaka 2022 peke yake, kwa makadirio yaliyotolewa na serikali ya Somalia na Umoja wa Mataifa, ukame huo ulichangia vifo vipatavyo 43,000 nchini Somalia. Maelfu walifika tena Dadaab, na kwa kuwa uandikishaji ulikuwa umesimama, walikaa tena pembezoni, nje ya hesabu, kama wale wa 2011. Wengi zaidi walibaki wakimbizi wa ndani huko Baidoa na Mogadishu. Hao nao wana mkataba wao: ule wa Kampala wa mwaka 2009, ambao unawajibisha dola kuwalinda hata waliohamishwa na majanga ya tabianchi. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa chakula nchini Kenya ulishuka chini ya theluthi moja ya kiwango kamili.

Msomaji aliyefuatana nami tangu habari ya kuni ataona yanayofuata bila kuambiwa. Mgao ukipungua, mwanamke hutafuta cha kuuza, na kitu cha karibu cha kuuza ni kuni. Hurudi porini. Binti huachishwa shule, na mahari huanza kuonekana kama chakula. Taarifa zitaandikwa kwamba ukame umeongeza ukatili wa kijinsia, na wino wa waliokata mgao hautaonekana.

Yanayopaswa kudaiwa

Historia hii haitupi sababu ya kukata tamaa. Uzio wa miiba ulifanya kazi. Kuni, kwa kadiri zilivyogawiwa, zilifanya kazi. Mahakama ya kuzunguka ilifika. Lililokosekana kila mara ni kuviweka vyote pamoja na kuvidumisha baada ya wapiga picha kuondoka.

Kwa hiyo wanaharakati, mnapopokea bajeti ya dharura ya ukame, msitafute tu ukurasa wenye kichwa cha jinsia. Someni ukurasa wa nishati ya kupikia, wa vyoo, wa taa, wa usafiri kutoka mpakani, wa uandikishaji. Humo ndimo ulinzi ulimo au ulimokosekana. Watumishi wa umma, kila siku ambayo jalada linakaa mezani likingoja sahihi, kuna mtu anayengoja gizani upande wa pili wa jalada hilo. Na shauri la ubakaji halimalizwi kwa mapatano yenu na wazee. Wanafunzi, nyaraka za Dadaab ni nyingi na hazijasomwa inavyostahili. Zisomeni mkiuliza swali ambalo taarifa rasmi hulikwepa: nani aliamua, lini, na alijua nini alipoamua.

Ukame mwingine utakuja; hilo limo katika tabia ya nchi ile, na mabadiliko ya tabianchi yanaliongezea ukali. Lakini kama binti atakayevuka Liboi katika ukame huo atakuta basi au kichaka, hilo halitaamuliwa na mvua.